Mlio Mmoja Kila Jumapili

Chwele, siku moja kabla ya safari yako, saa nane mchana

Nekesa, mayi,

Usicheke mwandiko. Najua herufi ni kubwa kama za mtoto wa nasari, na mistari inapanda mlima halafu inateremka. Nimekula kurasa sijui ngapi za daftari ulilosahau juu ya kabati, na bado sijasema kitu. Kuna sababu ya herufi hizi, na hiyo sababu ndiyo imenifanya niandike.

Wewe umekwenda Misikhu kumuaga senge wako, dada yangu. Mama yako yuko sokoni anatafuta kuku wa kukupikia leo, na kwa jinsi anavyopatana bei, kuku huyo atafika akiwa amezeeka. Nimebaki na mvua na paka. Habari za pasipoti, za sweta, za kuandika namba zetu kwenye karatasi usije ukaibiwa simu, hizo mama yako amezisema mara kumi, na ya kumi na moja atazisema kesho pale Kanduyi ukiwa umeshaketi ndani ya basi. Mimi sizirudii. Mimi nina jambo moja, na wenzangu wameniomba nisikuambie mpaka ufike Qatar, uanze kazi ya hoteli na kuizoea.

Jambo lenyewe ni macho yangu. Wiki jana nilimimina chai nje ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka kwenye suruali, ukacheka ukasema, "Baba, sasa umezeeka, bana." Nami nikacheka. Uzee haukuwa na makosa siku ile. Sikukiona kikombe. Daktari wa macho anaiita presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kwenda. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na pembeni ni giza. Ile dawa ya matone ambayo mama yako huniwekea asubuhi na jioni, tukakuambia ni ya vumbi, si ya vumbi. Inazuia kilichobaki kisiende haraka. Kilichokwenda hakirudi.

Sasa umejua. Kama ulikuwa umesimama, kaa chini.

Mama yako na senge walinikalisha hapa sebuleni Jumapili iliyopita, wewe ukiwa bado kanisani na kwaya yako ikikuaga. Senge ndiye aliyeongoza kikao, unamjua dada yangu. "Huyu mtoto akijua, hataenda," alisema. "Si unajua roho yake? Atafungua sanduku atoe nguo. Mwache aende kwanza. Tutamwambia akishazoea." Mama yako akaongeza kwamba utalia ndani ya ndege bure, watu wakikuangalia. Niliitikia kwa kichwa kama mzee aliyekubali. Walipotoka nilibaki nimeketi mpaka chai yangu ikapoa, kwa sababu maneno ya senge nilikuwa nimewahi kuyasikia, kutoka mdomo ule ule, na yaliyofuata sijayasahau mpaka leo.

Umewahi kusikia vipande vya habari hii. Yote hujaisikia, na mimi ndiye niliyehakikisha hujaisikia.

Ulipokuwa darasa la pili tuliishi Kitale, mtaa wa Mitume, katika chumba kile cha mabati chenye mlango wa bluu. Nilikuwa karani wa stoo ya mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Lori likija, nilidunga gunia kwa kile chuma chenye mfereji, nikatoa punje chache, nikaziuma. Ikipasuka kwa mlio mkavu, mahindi yamekauka, pokea. Ikibonyea, rudisha ukaanike. Halafu niliandika. Nimeuma mahindi ya Trans-Nzoia nzima, na ukiyatazama meno yangu utaamini. Kukhu wako, mama yangu, alikuwa huku Chwele pamoja na senge, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa. Kutoka Kitale hadi hapa ni safari ya asubuhi moja tu. Nakuambia hilo mapema ili usidhani hii ni habari ya mtu aliyekuwa mbali.

Nilimnunulia kukhu simu, kabambe ndogo yenye tochi. Kupiga simu kulikuwa ghali, kwa hivyo tuliwekeana mpango. Jumapili kanisa likitoka, kukhu anapiga, simu inalia mara moja, anakata. Maana yake, tuko salama. Nami nampigia, inalia mara moja, nakata. Maana yake, hata sisi. Ikilia mara tatu kuna shida, na mwenye kredo apige waongee. Wakati ule karibu kila mtu alifanya hivyo, tukiita kufleshi.

Niliuonea fahari sana mpango ule. Simu ikilia pale juu ya redio, narudisha mlio wangu, halafu namgeukia mama yako nikiwa nimeridhika: "Nimeongea na mama. Wako sawa." Nimeongea! Siku moja ulikuwa umeketi sakafuni unachora, ukainua kichwa ukaniuliza, "Baba, kukhu amesema nini?" Nikakuambia amesema wako salama. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Lakini hajasema kitu." Nilikuambia umalize kuchora.

Halafu kazi ikaisha. Mwenye stoo alifunga biashara akarudi kwao, na makarani wote tukabaki tumesimama nje ya mlango uliofungwa, tukiambiana kwamba tutapata kwingine. Mimi nilipata sokoni, kubeba magunia. Viazi, kabichi, mahindi, chochote kilichoshushwa kutoka kwenye lori. Kubeba kwenyewe hakukuniaibisha, nilikuwa na mgongo bado. Kilichoniaibisha ni watu wa nyumbani. Huku Chwele nilikuwa karani. Kukhu aliwaambia wanawake wa kanisa lake kwamba mwanawe "anaandika" Kitale, na alilisema neno hilo kana kwamba naandika sheria za nchi. Ningeanzaje kumwambia? Basi Jumapili ilipofika nilifleshi mlio mmoja wa salama, na yeye akanifleshi wake. Jumapili iliyofuata vile vile.

Na nyumbani sikuja. Wewe umekulia desturi hii kwa hivyo sihitaji kukueleza sana. Mtu akitoka mjini haingii kwa mama yake anapunga mikono. Ni sukari, ni mkate, ni nyama, ni majani ya chai, na akiwa mtu wa kazi ya maana, ni blanketi. Watoto hukimbilia mfuko kabla hawajakusalimu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, nami nilikaa Kitale na methali hiyo kama mtu aliyefungiwa ndani. Mwezi wa kwanza sikuwa na kitu cha kubeba. Wa pili, vivyo hivyo. Krismasi ilikuja ikapita, watu wa mtaa wote wamekwenda kwao, na mimi nikafleshi. Mama yako aliniambia, "Twende hivyo hivyo. Mama hatatufukuza." Nilimfokea mbele yako, nikamwambia hawajui watu wa kwetu. Sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno yale. Akirudi na kuku wake nitamwomba, atadhani nimekuwa mgonjwa zaidi.

Mwaka mzima karibu ulipita hivyo. Kisha Jumatano moja, nikiwa na gunia la viazi mgongoni pale sokoni Kitale, nilisikia mtu akiniita kwa jina la ukoo. Alikuwa mama mmoja jirani yetu wa huku, aliyekuwa akinunua vitunguu Chwele na kuvipeleka Kitale kwa pikapu. Niligeuza uso upande wa pili. Lakini mtu mwenye gunia mgongoni atajificha wapi? Alinifuata mpaka kwenye lori, akangoja nitue.

"Mulembe," alisema. "Sasa wewe uko tu huku na viazi, na mama yako amerara?"

"Amelala vipi?"

"Amerara! Upande moja haufanyi kazi. Mwezi wa pili huu. Kwani hawakukuambia?"

Nilimwambia hilo haliwezekani, kwa sababu Jumapili mama alinifleshi. Yule mama aliniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtu mzima aliyesema jambo la kitoto. "Fleshi ni kidore tu, baba," alisema. "Kidore cha nani, wewe utajuaje?"

Hapa nataka usome polepole. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Pikapu yake ilikuwa inarudi Chwele alasiri ile ile, na alinipa kiti cha mbele, bure. Nilikataa. Nilimwambia awaambie nitafika Jumamosi. Sababu ilikuwa sukari. Mama yangu amepooza, gari liko mbele yangu limewashwa, na mimi nilikuwa nafikiri nitaingiaje pale bila sukari, baada ya mwaka, wanawake wa kanisa wakiwa wameketi uani wanangoja kuona karani amebeba nini. Nilijipa siku tatu. Nilibeba magunia siku hizo tatu kama punda wa watu. Jumamosi asubuhi nilipanda gari la kuja huku, na mfuko wangu nimeupakata: kilo mbili za sukari, mkate, majani, na nyama iliyofungwa kwa gazeti.

Jumatano kukhu alikuwa bado anaongea. Maneno yalitoka kwa shida, yakiburuta mguu, lakini yalitoka. Alipopewa habari kwamba nitakuja, alimwambia senge amfunge leso safi. Alhamisi aliuliza kama nimefika. Ijumaa asubuhi aliuliza tena. Ijumaa jioni alipigwa na stroke ya pili, na sauti ikaenda. Mimi niliingia Jumamosi saa tano, nikiwa na sukari.

Senge alinipokea ule mfuko akapika chai. Alitia sukari nyingi kwa sababu ilikuwa imeletwa na mtu wa Kitale. Nilikishika kile kikombe, nikakipeleka mdomoni, nikashindwa. Maisha yako yote umenitania kwamba baba yako anakunywa chai ya mahabusu, isiyo na sukari, na mama yako huwaambia wageni ni daktari aliyekataza. Hakuna daktari aliyekataza. Ni ile sukari.

Nilimuuliza senge ni nani alikuwa akifleshi Jumapili zote hizo. Alianza kulia kabla hajajibu. "Ni mimi," alisema. "Mama alikataa uambiwe. Ati uko na kazi mingi huko, ukijua utaacha kazi. Alisema nikufleshie mara moja tu kila Jumapili. Sasa mimi ningefanya nini?" Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Ilikuwa kazi gani hiyo niliyokuwa nayo, ambayo mama alikuwa ananichungia kwa ugonjwa wake?

Nilibaki hapa nyumbani. Shule zilipofungwa wewe na mama yako mkanifuata, na labda unakumbuka kidogo, ulikuwa unamchana kukhu nywele na kumwimbia nyimbo za shuleni, ukikosea maneno. Kabla hamjafika, siku ya tatu hivi, senge alipokwenda kuteka maji, nilivuta kiti karibu na kitanda nikamwambia kukhu kila kitu. Stoo ilifungwa. Ninabeba magunia. Krismasi nilikuwa nimekaa tu chumbani, sikuwa na kazi yoyote, niliogopa kuja mikono mitupu. Nilisema yote nikiangalia sakafu. Nilipoinua macho, kukhu alikuwa ananitazama. Aliinua ule mkono uliokuwa na nguvu bado, akaupeleka nyuma ya shingo yangu, pale ambapo gunia hukaa, ambapo ngozi ilikuwa imeota sugu, akapapasa. Hakutafuta mahali. Mkono ulikwenda pale pale moja kwa moja.

Baadaye senge alinieleza. Kukhu alijua. Yule mama wa vitunguu alikuwa ameniona sokoni tangu zamani, mimi bila kumwona, akaja akamwambia. Na kukhu alikaa na habari hiyo miezi na miezi, akiendelea kuwaambia wanawake wenzake kwamba mwanawe anaandika, na kila Jumapili akinipigia mlio wake mmoja ili nisijue kwamba anajua. Alikuwa ananikinga na aibu. Mimi nilikuwa namkinga na wasiwasi. Tulipendana hivyo, mayi, kila mtu ameketi na siri yake, saa moja na nusu kwa gari kutoka mlango hadi mlango. Niliumia sana nilipoambiwa. Hata sasa ninapoandika naumia.

Mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu kilio kilikuja baada ya miezi minne. Kwenye matanga majirani walileta sukari, kila mtu na pakiti yake, ikajaa kwenye karai, ikabaki.

Sasa wewe. Najua damu uliyo nayo. Kidato cha pili ulipougua malaria huko bwenini ukalala siku nne, tulikuja kuambiwa na matroni. Tulipokuuliza ulisema hukutaka kutusumbua. Niliwasimulia watu kanisani jinsi mtoto wangu alivyo jasiri, nikakununulia viatu. Nisamehe kwa vile viatu. Nilikuwa nakufundisha jambo ambalo lilikwisha kunichoma mimi mwenyewe.

Huko uendako kutakuwa na siku nzuri, naamini hivyo, na mshahara wako ni wako na utajua la kuufanyia. Lakini kutakuwa na siku mbaya pia. Msimamizi atakusemesha mbele ya wageni kama mtoto mdogo. Utaumwa na hakuna anayejua unapenda uji wa namna gani. Au hakutakuwa na kitu kibaya chochote, ila jioni itafika na utataka kusikia mtu anasema Kibukusu, basi. Na siku hiyo hiyo, kwa jinsi ninavyokujua, utasimama kando ya maua ya hoteli, utapigwa picha, utatuma na kuandika "niko poa". Mama yako ataizungusha picha hiyo soko zima la Chwele. Picha kama hiyo na mlio wa kukhu ni mtu na ndugu yake.

Tuma picha, mama yako azifurahie. Mimi sitaziona vizuri hata hivyo. Mimi nipe sauti. Niambie mmekula nini. Niambie yule mnayelala chumba kimoja anatoka wapi na kama anakoroma. Usingoje kitu kikubwa cha kuniambia. Mimi na kukhu tulingoja kitu kikubwa, na kikaja. Ukiwa huna hamu ya kuongea, piga useme, "Baba, leo sina hamu," nami nitakusimulia paka amefanya nini. Na kukiwa na shida, taja shida kwa jina lake. Sitaweza kupanda pikapu nije nikuchukue, wewe unajua na mimi najua. Lakini nitakuwa nimejua, na mtu aliyejua anaweza kwenda kuwaamsha wengine watafute njia. Aliyefleshiwa salama hulala usingizi.

Sisi nasi hatutakuficha. Goti la mama yako likikataa kupanda mlima, utaambiwa. Ng'ombe akifa, utaambiwa jina la ng'ombe. Nikiamka asubuhi na hili jicho la kulia limefunga, utaambiwa siku hiyo hiyo. Hutakuja kuambiwa na mtu wa vitunguu.

Tena usije ukaketi huko miaka unangoja mfuko ujae ndipo urudi. Nimewaona watoto wa watu hapa Chwele, wamefika Nairobi kutoka ng'ambo, wamejificha kwa marafiki mwezi mzima kwa sababu hawakuja na kitu. Mkataba wako ni wa miaka miwili. Ukiisha, njoo. Ukikatika kabla haujaisha, njoo. Njoo na viatu ulivyovaa. Kukhu hakuwa anangoja sukari, alikuwa amefungwa leso safi anaangalia mlango. Mimi nami nitakuwa naangalia mlango, ila huenda nisione ni nani anayeingia. Itabidi useme kwamba ni wewe.

Leo wakati wa chakula uliniuliza, "Baba, mbona unaniangalia hivyo?" Nikakuambia mboga ni tamu. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi. Nilikuwa naangalia uso wako, kipande kwa kipande kwa sababu hauingii wote kwa mara moja, kile kidoti kando ya pua, ile nyusi yenye kovu ulilopata ulipoanguka Kitale. Baada ya miaka miwili sijui jicho hili litakuwa limefika wapi. Daktari hakuahidi, na mimi sikuahidi kitu hapa. Huenda leo mchana ndiyo mara ya mwisho kwangu kukuona sawasawa. Nimelia kidogo nilipoandika sentensi hiyo. Paka ndiye shahidi.

Sikuambii haya ili usiende. Nakusihi uende. Nataka ufanye kazi, uone watu, uone hiyo bahari wanayosema ina joto kama maji ya kuoga. Lakini nimekwisha kukataza uongo, basi nisiweke wangu hapa mwishoni: kuna upande wangu mmoja unaotaka ufungue sanduku utoe nguo, kama alivyosema senge. Upo. Nimeuambia ukae kimya, umekaa nusu kimya. Ukisema hutaenda, nitakubishia mpaka asubuhi, lakini utakuwa umeamua ukijua. Ukisema utaenda, vile vile.

Nilifikiria kuiweka barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya sweta, uikute ukishafika. Nilisimama hata nikaenda mpaka kwenye sanduku. Kisha nikacheka peke yangu. Ningekuwa nimekufleshia. Basi nitakupa mkononi leo hii, ukiingia tu kutoka Misikhu, hata kabla hujavua viatu. Senge na mama yako watanikasirikia, na wana haki. Nitakuwa jikoni. Ukimaliza kusoma, njoo. Hata ukija na hasira, njoo nayo.

Nimebakisha jambo moja dogo, nimalize. Wanasema saa ya Qatar na ya huku ni moja, kwa hivyo kanisa likitoka hapa Jumapili na huko ni saa ile ile. Piga wakati huo ukiwa na nafasi. Usipoipata, piga saa yoyote. Simu yangu hukaa mezani kati ya redio na kikombe, unapajua. Ikianza kulia nitakuwa nimeisikia, masikio ni mazima. Lakini nitakuwa naipapasa. Nitaigusa redio kwanza. Nitaangusha kikombe, mama yako atapiga kelele, na wewe hutasikia hayo yote, utasikia tu simu inalia na hakuna anayeshika. Itakuwa inalia mara ya tatu, ya nne, ya sita. Utafikiri sipo. Nipo, mayi, nakuja. Usikate. Iache ilie mpaka niipate.

Baba yako